Nani Aliuza Mgomo

Jumamosi, 2 Machi

Mvua haijaanza, lakini mawingu yamekaa juu ya bomba la moshi la kiwanda tangu asubuhi. Leo Mwalimu, yule mama mstaafu aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa huu, ametuita ukumbini. Anataka tukutane kila Jumamosi na kila familia isimulie inachokumbuka: kiwanda cha nguo kilipokuwa kikifanya kazi, nyumba zilipokuwa za kampuni, mgomo. Masika yakiisha, Mchoraji atapaka ukutani kwa kiwanda sura za wafanyakazi wa zamani, sura zao wenyewe, kutoka kwenye picha tutakazoleta. Kila nyumba imepewa daftari la kuandikia yanayokumbukwa nyumbani. Letu nimelichukua mimi, maana mwandiko wa mume wangu anausoma yeye na Mungu tu.

Mama mkwe hakuja. Amesema magoti. Magoti hayo hayo jana yalimpeleka sokoni na kumrudisha na kikapu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Paa linavuja palepale pa mwaka jana. Nimeweka ndoo.

Jumamosi, 9 Machi

Katibu ndiye aliyefungua. Ni mzee sasa, lakini akisimama bado anasimama kama aliyepanda juu ya pipa kuhutubia. Alikuwa katibu wa kamati ya mgomo na cheo kimemganda kikawa jina. Alisema kamati ilikuwa ikikutana mchana, mashine zikizimwa kwa mapumziko ya chakula, ndani ya chumba cha mabaki ya pamba. Kilikuwa kimejaa marobota hadi darini. Ukiongea humo pamba inameza sauti, aliye nje ya mlango haambulii kitu. Humo walipanga yote, siku ya kugoma na nani azime mashine gani. Asubuhi ilipofika wakakuta geti limefungwa kwa minyororo na meneja amesimama juu ya ngazi. Akawaita wanakamati kwa majina, mmoja mmoja, bila kukosea. Wakafukuzwa wote. Kabla jua halijazama familia zao zilikuwa barabarani pamoja na vitanda vyao, maana nyumba zilikuwa za kiwanda.

"Mtu alituuza," Katibu akasema. "Na mtu huyo hakuna asiyemjua hapa."

Ukumbi mzima ukanung'unika jina moja: Filimbi. Alikuwa mlinzi wa geti. Jioni ya kuamkia mgomo alionekana akipanda ngazi za ofisi ya meneja, na asubuhi ile ni yeye aliyefunga minyororo. Hata mimi, niliyeolewa hapa miaka mingi baadaye, jina hilo nilipokewa nalo. Mtoto akitoa siri za nyumbani huku kwetu anaambiwa, "Acha ufilimbi."

Ndipo mwanamke mmoja akasimama nyuma kabisa. Mtu wa makamo, nywele fupi, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mimi ni binti yake," akasema. "Baba alishafariki. Nimeleta picha yake. Naomba na yeye apakwe ukutani."

Katibu akasema, "Msaliti hapakwi kwenye ukuta wa watu." Mwalimu akawahi kusema tutalizungumza baadaye. Picha ile hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea. Niliiona ikirudi mkobani.

Nilipomsimulia mama mkwe, aliniuliza kitu kimoja tu: "Amefanana na nani?"

Jumatatu, 11 Machi

Makubwa. Binti Filimbi ameajiriwa kwenye karakana yetu ya sare. Karakana iko ndani ya kiwanda hicho hicho cha zamani, upande wa juu. Upande wa chini ni ghala, anakoendesha mume wangu mashine ya kubebea mizigo. Amewekwa kwenye cherehani kilicho jirani na changu. Vyerehani vyote vile, na changu ndicho kikapata jirani.

Mtu aliyefukuzwa na mtaa mzima harudi kwa ajili ya mshahara wa kushona mifuko ya suruali. Ana lake jambo.

Alhamisi, 14 Machi

Ameniuliza naishi wapi. Nikamjibu safu ya pili. Akasema, "Ile nyumba yenye mlango wa kijani?"

Mlango tuliupaka kijani mwaka alipozaliwa binti yetu. Yeye alihama akiwa mtoto. Nani kamwambia?

Jumapili, 17 Machi

Nimemwona kwa macho yangu. Alisimama ng'ambo ya mtaro na mwavuli, anaitazama nyumba yetu. Si kupita. Kusimama. Nilipotoka mlangoni akaondoka polepole.

Nikamwambia mama mkwe aliyekuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Amesema anataka nini?"

"Hajasema. Nimwulize?"

"Mwache," akasema. "Mtu aangalie nyumba tu, nyumba hailiki."

Alimaliza kuchambua, akaanza kuuchambua tena mchele ule ule.

Jumamosi, 23 Machi

Leo ilikuwa zamu ya wale waliobaki kazini baada ya mgomo. Bi Uzi, aliyesokota nyuzi hadi kiwanda kilipofungwa, alituchekesha sana kwa habari za mapacha waliokuwa wakipokezana zamu moja wakilipwa kama mtu mmoja. Halafu akaanza kukumbuka nani alipandishwa cheo lini. Akasema, bila ubaya wowote, "Na marehemu mkwe wako, alipewa usimamizi mwezi ule ule baada ya mgomo. Tulishangaa, fundi mdogo vile!"

Akaendelea na mengine. Mimi nilibaki pale pale. Mwezi ule ule?

Nyumbani kwetu imesemwa siku zote kwamba baba mkwe alipanda kwa bidii. Picha yake iko sebuleni, ameshika spana kama fimbo ya kiongozi. Nilikaa naye mwaka mmoja kabla hajafariki, mpole, anacheka na kuku. Lakini wenzake waliwekwa barabarani na vitanda, yeye akapewa cheo na nyumba akabaki nayo. Nyumba hii ninayoandikia.

Jumapili, 24 Machi

Nimemwuliza mume wangu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kwamba baba yake alipandaje cheo. Akasema, "Kwa kufanya kazi. Wewe hilo daftari litakutia wazimu."

Mvua mchana kutwa.

Jumamosi, 30 Machi

Hatukukutana. Mtaro umefurika hadi mlangoni kwa ukumbi.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo Bi Uzi tena. Akipewa nafasi anasokota maneno kama zamani alivyosokota nyuzi. Alikuwa akisimulia utajiri wa ofisi ya meneja, jinsi wafanyakazi wa kawaida hawakuwahi kuiona. "Sisi tulipata habari zake kwa mama mkwe wa huyu," akasema akinionyesha mimi. "Ndiye aliyekuwa akikung'uta zulia la meneja. Alituambia ukilikanyaga mguu unazama!"

Wakacheka. Mimi nikacheka nao ili nisionekane.

Mama mkwe ameniambia kwa mdomo wake, siyo mara moja, kwamba alikuwa msokotaji tangu aingie kiwandani mpaka alipoacha. Ana alama ya uzi kwenye kidole anayowaonyesha wajukuu. Hajawahi kutaja ofisi wala zulia.

Nikamwambia Bi Uzi wakati wa kutoka, "Hilo la zulia ilikuwa lini?"

"Ah, mume wako alikuwa mchanga bado. Mwaka wa mgomo huo."

Jumatatu, 8 Aprili

Nampikia, namfulia, nalala chumba kinachopakana na chake, na nikimwangalia sasa ni kama namwona mtu aliyehamia jana.

Alhamisi, 18 Aprili

Mchana tulikula pamoja mimi na Binti Filimbi, kwenye ngazi, kwa sababu mvua ilikuwa imetufungia ndani. Nikaona bora yaishe. Nikamwuliza anatafuta nini kwenye nyumba yetu.

Hakushtuka. "Mama mkwe wako bado yupo?"

"Yupo."

"Baada ya mgomo mtaa mzima uliacha kunisalimia," akasema. "Nilikuwa mtoto wa shule. Nikienda bombani wanawake wanainua ndoo zao wanaondoka. Mama mkwe wako peke yake ndiye aliyenisalimia. Kila siku. Alinishika kichwa, akaniuliza nimekula."

Nikataka kusema, basi unaona, ni mtu mwema.

"Ndiyo maana namshuku yeye," akasema. "Wengine wote walikuwa na hakika kwamba ni baba. Yeye alijuaje kwamba siye?"

Nilimwambia mama mkwe wangu ana huruma tu, ndivyo alivyo. Nilisema haraka mno, na yeye akanitazama nikisema haraka.

Jumamosi, 20 Aprili

Kikao kifupi. Mambo ya timu ya mpira ya kiwanda. Mama mkwe: magoti.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo niandike taratibu.

Mwalimu aliomba ruhusa tuingie kiwandani tuone vyumba vya zamani. Karakana haifanyi kazi Jumamosi, mashine zote kimya, ghala limefungwa. Katibu alitangulia na funguo za mlinzi kuwaonyesha watu chumba cha mabaki ya pamba, chini, mwisho wa ukumbi mrefu. Hakifunguliwi siku hizi. Sikumfuata. Nilikuwa nimesahau mkasi wangu mzuri karakana, na mkasi mzuri ukiuacha hadi Jumatatu huukuti. Nikapanda. Binti Filimbi akapanda nyuma yangu. Sijui kama alinifuata au naye hakutaka kusimama karibu na Katibu.

Mkasi ulikuwa stoo. Stoo yetu ya vifungo na nyuzi ndiyo iliyokuwa ofisi ya meneja. Ukiangalia chini ya maboksi bado kuna alama ya mahali zulia lilipopigiliwa. Ninaingia humo kila siku.

Nikachukua mkasi. Ndipo mtu akasema, karibu kabisa na bega langu, "Hapa ndipo nilipokuwa nikikaa mimi."

Niligeuka. Hakukuwa na mtu ila Binti Filimbi, na yeye alikuwa mlangoni, macho yamemtoka.

"Na huku alikaa fundi wa boila," ile sauti ikaendelea. "Hata ungepiga kelele, nje hasikii mtu."

Ilikuwa sauti ya Katibu. Ilitoka ukutani, nyuma ya maboksi ya vifungo. Tukayavuta mimi na yeye, bila kuambiana. Nyuma yake kuna wavu wa chuma uliopakwa rangi ya ukuta, na nyuma ya wavu kuna bomba pana la bati. Nalijua bomba hilo, linapita kiwanda kizima. Ndilo lililokuwa likinyonya vumbi la pamba. Mashine zikifanya kazi linanguruma. Mashine zikizimwa, ni njia tupu. Lilikuwa linatoka moja kwa moja ndani ya chumba kile.

Tulimsikia Mwalimu akiuliza swali. Tulimsikia Bi Uzi akipiga chafya, na mtu akimwambia afya.

Binti Filimbi alikaa juu ya boksi. Hakulia. Alisema, "Kwa hiyo hakuna aliyewauza. Waliongea wenyewe masikioni mwa meneja."

Halafu akaniangalia. "Nani alikuwa akiingia ofisini humu mchana, zaidi ya meneja?"

Niliangalia ule wavu. "Sijui," nikasema.

Jumapili, 28 Aprili

Mume wangu alikuwa zamu, binti yetu yuko kwa rafiki yake. Mvua inapiga bati. Mama mkwe alikuwa akihamisha ndoo iliyojaa. Nikaishika upande wa pili, na tukiwa tumeishika hivyo nikamwambia, "Mama, jana nimesikia watu wakiongea ndani ya bomba."

Ndoo ilikwenda chini. Maji yakaingia hadi chini ya kabati na hakuna aliyeyafuta.

Akakaa. Kisha akaanza kusema akiutazama mlango.

"Mume wako alikuwa na miezi mitano, nilikuwa naye mgongoni. Kwenye kusokota huendi na mtoto, vumbi lingemwua. Msimamizi wa usafi akanionea huruma, akanipeleka ofisini nifagie. Nafagia, nafuta meza, mtoto amelala. Siku moja mashine zimezimwa, watu wametoka kula, nikasikia maongezi ukutani. Nilidhani ni mashetani, mwanangu. Nikasogea, nikatambua sauti ya Katibu. Nikageuka ili nitoke. Meneja yuko kitini kwake kando ya wavu, ameinamisha kichwa, kalamu mkononi. Akaniona. Wala hakukasirika. Akaweka kidole mdomoni. Hivi."

Alinionyesha. Kidole kile chenye alama ya uzi.

"Kama unavyomnyamazisha mtoto," akasema.

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikaendelea kufuta meza."

"Mama, mgomo ulikuwa bado?"

"Bado."

"Kwa hiyo ungeweza kuwaambia wahame chumba."

"Usiniulize kama ningeweza," akasema. "Nimejiuliza mimi mpaka nimechoka. Ningesema, wangeniuliza nilisikiaje. Ningesema niko ofisini kwa meneja. Wangesema ni mimi ninayempelekea. Na meneja angejua ni mimi niliyesema. Upande huu ningekufa, upande ule ningekufa. Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho. Halafu minyororo ikawekwa, na watu wakaanza kumtemea Filimbi mate. Kila aliyemtemea yeye alikuwa ameniruka mimi."

Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. "Na cheo cha baba?"

"Meneja alimpa. Mimi sikuomba. Mume wangu hakujua kimetoka wapi, akafurahi, akaninunulia viatu vyenye kisigino." Akavuta pumzi. "Nilisema vinanibana."

Namwamini? Mchana nilimwamini kabisa. Sasa jua limezama na ninakumbuka jinsi alivyonionyesha ile alama ya kidole miaka yote hii akijiita msokotaji.

Jumamosi, 4 Mei

Nimesema ukumbini habari za bomba. Za bomba tu. Binti Filimbi alisimama nami kuthibitisha, na Mchoraji alikuwa amekwenda kujaribu mwenyewe. Nilidhani watu watafurahi. Miaka arobaini wanatafuna jina la mtu, na sasa hakuna msaliti, wote walikuwa watu wema.

Hawakufurahi. Walionekana kama watu walionyang'anywa kitu. Kisha Katibu akasimama.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa tumejua alivyofanya. Filimbi alipanda ofisini, akasikia kwenye bomba, akamtajia meneja majina. Bomba lina sauti, majina ya watu halina. Nani alikuwa anawajua wote kwa sauti na kwa jina? Mlinzi wa geti!"

Ukumbi ukashangilia. Mwalimu alijaribu kutuliza na hakusikika. Binti Filimbi alinigeukia. Alinitazama tu, na nikatambua kwamba anajua kuwa najua.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwambia mume wangu yote. Alivua viatu vya kazi, akavaa tena, akatoka nje kwenye mvua, akarudi.

"Ni mama yangu," akasema. "Ana umri gani? Mwache ale uzee wake."

"Na yule?"

"Yule amezoea."

Nilimwangalia. Aliinamisha uso. "Nimesema vibaya," akasema, "lakini mwache mama."

Mama mkwe alikuwa chumbani kwake. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, zilijengwa na kiwanda.

Jumamosi, 11 Mei

Nilipotoka kwenda ukumbini nilimkuta mama mkwe mlangoni, amevaa gauni lake la kutokea, mwavuli mkononi.

"Magoti?" nikauliza.

"Yapo," akasema, akatangulia.

Walimpisha mbele kwa heshima. Bi Uzi akamsogezea kiti. Hakukaa. Alisema yote aliyoniambia mimi, kwa sauti ile ile, hadi na kidole mdomoni. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelisikia.

"Filimbi hakuwa akiingia ofisini. Aliitwa jioni moja tu, na mimi nilikuwepo, nafunga madirisha. Meneja alimpa minyororo. Filimbi akasema, 'Bwana, hawa ni watu wangu.' Meneja akamwambia, 'Basi ondoka nao.' Akasimama. Alisimama sana. Halafu akaichukua. Alikuwa na watoto. Majina hakuyataja, hakuulizwa, yalikuwa tayari mezani. Niliifuta meza ile, nilijua."

Katibu akainuka, safari hii kama mzee.

"Shemeji," akasema. "Mwanangu wa tatu alizaliwa barabarani. Kwenye mvua kama hii. Ungesema neno moja."

"Najua, shemeji. Nilikiona kitanda."

"Neno moja tu."

"Najua."

Katibu akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni alisimama karibu na Mchoraji, akamwambia bila kumtazama mtu mwingine, "Mpake yule mlinzi. Na minyororo yake mpake, asiwe malaika." Akatoka.

Binti Filimbi alikuwa ameshika picha ya baba yake kwa mikono miwili. Mchoraji alimwendea, akaipokea. Wakati huo watu walikuwa tayari wanasogeza viti mbali na pale alipokuwa mama mkwe, kidogo kidogo, kama viti vinaondoka vyenyewe. Nilimshika mkono, tukarudi nyumbani. Njiani hakuniuliza kitu ila kama nimekumbuka kuanika nguo ndani.

Jumatatu, 13 Mei

Mama Mkaa, jirani yetu wa mkabala, ameniambia mkaa umekwisha. Magunia yalikuwa nyuma yake, yamejaa, moja limefunguliwa.

Jumanne, 14 Mei

Bombani wanawake wameinua ndoo zao.

Alhamisi, 16 Mei

Binti yetu amerudi shuleni ananuna. Wenzake wakimwona wanaweka kidole mdomoni. Wote pamoja, halafu wanacheka. Mume wangu aliposikia alipiga ukuta kwa ngumi, kisha akanigeukia mimi. "Umeridhika?"

Najikuta natembea mtaani nikimchunguza kila mtu: huyu ananitazama kwa nini, wale wamenyamaza kwa nini. Bi Uzi alinisalimia leo kwa uchangamfu na nikashinda nikijiuliza anataka nini.

Jumapili, 19 Mei

Mvua kidogo. Mama mkwe hali vizuri. Hazungumzi, lakini si kimya kile cha zamani. Amelala mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Jumatano, 22 Mei

Binti Filimbi bado yuko kwenye cherehani cha jirani. Tangu siku ile hajanisemesha, na mimi sijui nianzie wapi. Leo uzi wangu ulikatika akanipitishia wake. Hakuinua macho.

Ukutani Mchoraji amefika kwenye geti. Filimbi ana uso tayari. Nilikuwa simjui sura. Nilimtarajia mtu mbaya. Ana masikio makubwa.

Jumamosi, 25 Mei

Jua! Mtaa mzima umetoa magodoro nje. Na sisi tulitoa yetu, mimi na mume wangu, kila mmoja na ncha yake, tukayaegemeza ukutani. Mama mkwe tulimkalisha kizingitini apate joto. Watu walipita wakitazama magodoro wasitutazame sisi. Ng'ambo ya mtaro Mama Mkaa alikuwa akipanga mafungu yake.

Nilimwona Binti Filimbi akikata kona. Hakujificha wala hakusimama ng'ambo. Alivuka ubao wa mtaro, mtaa wote unaona, akaja hadi mbele ya mama mkwe. Mume wangu akaacha godoro. Mimi nikafikiri, haya, siku yetu imefika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama mkwe alijaribu kusimama, akashindwa, akabaki ameinua mikono. "Mwanangu, mimi..."

"Ngoja," Binti Filimbi akasema. "Sikuja kukusamehe. Hilo sijalifikia. Sijui kama nitalifikia."

"Ndiyo."

"Nimekuja kwa jambo lingine. Nyumbani baba alikaa kimya. Tulipohama hapa hakucheka tena, hakutaka kusimulia, na mimi nilikuwa mdogo. Nimezunguka mtaa huu tangu mvua zianze natafuta mtu wa kuniambia baba alikuwaje kabla. Kila niliyemwuliza anaanzia asubuhi ile ya minyororo. Hakuna anayekumbuka nyuma ya hapo. Wamekataa kukumbuka." Akainama karibu naye. "Wewe ulimfahamu. Baba yangu alikuwaje?"

Mama mkwe akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alicheka, kicheko kidogo cha puani.

"Baba yako," akasema, "alikuwa na maringo! Ile filimbi unadhani ya kazi? Akiona wasichana wa kusokota wanatoka zamu, anaipuliza kama mwamuzi wa mpira, anatusimamisha sote mstarini, anapita anatukagua kama meja. Sare imenyooshwa unaweza kukatia mkate. Na kutembea kwake! Nishike."

Akamnyooshea mkono. Binti Filimbi akamshika, sijui kama alikusudia. Mama mkwe akasimama, na magoti yake, akaachia mkono, akatoka katikati ya njia kati ya magodoro. Kifua mbele, mikono nyuma, akatembea mwendo wa mtu aliyekufa zamani, mguu wa kulia ukichelewa na kuburutwa nyuma kidogo.

"Aliwahi kuumizwa na toroli," akasema bila kusimama, "lakini ukimwona utadhani ndiyo mtindo mpya."

Binti Filimbi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Anacheka au analia, sikuweza kujua. Mume wangu aligeuka akapigapiga godoro ambalo halikuwa na vumbi.

Ng'ambo, Mama Mkaa alikuwa ameacha kupanga mafungu. Alisimama na kipande cha mkaa mkononi, akamtazama mama mkwe akienda na kurudi. Alivumilia, alivumilia, ikamshinda.

"Siyo mguu huo," akasema kwa sauti. "Ulikuwa wa kushoto."